Msafiri Asiyetumwa

Kariakoo ilipata jina lake kwa watu waliotumwa. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916 waliwaweka mahali pale wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina hilo mpaka likawa la Kiswahili. Watu wale walibeba mizigo isiyo yao, kwa njia wasiyoichagua, katika vita vya wengine. Leo katika mtaa ule ule, baina ya Msimbazi na Kongo, kijana huweza kuonekana akichagua shanta. Huvuta zipu, hupima mikanda mabegani, huuliza bei, huondoka, huitwa arudi. Shanta hilo atalijaza nguo zake mwenyewe. Anataka kwenda Ulaya peke yake, kwa gari moshi, kutoka mji hata mji, kwa muda wa mwezi mmoja. Hakualikwa na ndugu, hakupewa nafasi ya masomo, haendi kununua bidhaa. Anakwenda kutazama.

Neno hili la mwisho ndilo linalomletea ugomvi.

Wakubwa wake humwuliza anakwenda kufanya nini, na akijibu kwamba anakwenda kutazama, jibu huhesabiwa kuwa halijatolewa bado. Aendaye Guangzhou kuleta mzigo wa duka anaeleweka. Aendaye Makka huombewa dua. Aendaye kusoma hufanyiwa karamu. Lakini mtu mzima kuacha meza yake ya biashara mwezi mzima ili akapande gari moshi kutoka Berlin hata Vienna, na kutoka Vienna hata Venice, kisha arejee mikono mitupu, huyo ama amerukwa na akili ama ana siri moyoni: anataka kuzamia. Fikira hii imeenea sana, wala wenye kuishika si wajinga. Baadhi yao wana digrii. Hata hivyo ni fikira mbaya, na ubaya wake unapita hasara ya safari moja.

Fedha, kwa kweli, ni hoja. Asiyekuwa nazo na angoje, na anayetaka kukopa kwa riba ili akatembee na azuiwe na jamaa zake. Lakini wengi wanaolia juu ya fedha za safari ndio wanaokaa katika kamati za harusi, wakachangishana mamilioni ya shilingi kwa ukumbi wa usiku mmoja na mapambo yanayong'olewa alfajiri. Hakuna aulizaye harusi hiyo italeta mzigo gani bandarini. Mtu aliyeweka akiba miaka mitatu nyuma ya vitenge hana deni la maelezo kwa kamati yoyote.

Wengine husema kwa upole zaidi: ijue nchi yako kwanza. Reli ya Kati ilifika Kigoma tangu mwaka 1914, na reli ya kisasa inachukua abiria mpaka Dodoma tangu mwaka 2024. Je, amekwisha kuzipanda? Swali hili limevaa joho la uzalendo. Likivuliwa huonekana kuwa ni kodi anayotozwa mtu mmoja tu. Mtalii atokaye Manchester kwenda Ngorongoro haulizwi kama amemaliza kuiona Scotland, wala mwanafunzi wa Munich ashukaye Unguja na shanta lake haombwi cheti cha kuijua Ujerumani yote. Kwenda Kigoma peke yake ni jambo jema, tena ni chuo kizuri, maana katika siku mbili za njia mtu hujifunza kulinda begi, kulala ameketi, na kupima maneno ya jirani asiyemjua. Basi aende kwa faida hiyo. Asiende kama alipaye faini.

Ubaya wa fikira yenyewe unaonekana vema katika historia. Waswahili hawakuanza leo kuiona Ulaya. Amur bin Nasur alifundisha Kiswahili Berlin toka mwaka 1891 hata 1895. Selim bin Abakari alisafiri mwaka 1896, akapita Petersburg na Moscow, akafika Siberia, na habari yake ikapigwa chapa Göttingen mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Martin Kayamba alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka uliofuata. Wote hawa walikuwa na macho makali, na lugha yao ni hazina. Lakini Amur aliajiriwa, Kayamba aliitwa na serikali, na Selim alikuwa mtumishi wa Dr Bumiller, akimfuata bwana wake. Selim aliiona dunia ambayo wachache wa pwani waliiona kabla yake, naye aliieleza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupima wageni. Neno moja hakuweza kulisema: mji huu umenipendeza, nitakaa hapa siku nne. Vituo vilichaguliwa na mwingine.

Na aliyejaribu kuchagua alionyeshwa mpaka. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye mkono wake ni mkubwa katika Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903, alikwenda Berlin kufundisha, akamwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka 1905 alitaka kurejea pwani pamoja naye. Wakuu wa koloni walikataa mke huyo asishuke naye katika nchi, hata ikawalazimu kugeuza safari kurudi Ujerumani, na huko ndiko Mtoro alikofariki mwaka 1927. Seyyida Salme hakutumwa na mtu alipoondoka Unguja mwaka 1866; lakini yeye alikimbia, na mkimbizi hatazami njia kama atazamavyo mtembezi. Mfano wake hukumbukwa upesi kila binti anapotaka kusafiri peke yake. Watu humwambia binti huyo kwamba njia ina hatari, kana kwamba mabasi ya jioni ya Mbagala hayana. Hatari na isemwe, na dawa yake isemwe pia: asifike mji mgeni usiku wa manane bila kujua atalala wapi, hati zake zikae mwilini wala si katika shanta, na mtu mmoja nyumbani ajue kila siku yuko mji gani. Mashauri hayo yanamfaa hata kaka yake.

Swali la nani amekutuma halikufa pamoja na ukoloni. Limehamia dirishani. Kijana atokaye Kariakoo akapita Mnazi Mmoja mpaka Umoja House, ulipo ubalozi wa Ujerumani, atalikuta linamngoja kwa adabu na kwa karatasi nyingi. Tiketi ya Eurail, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya watu wakaao nje ya Ulaya, husifiwa kwa uhuru wake: mtu apande leo, ashuke apendapo. Lakini mwenye pasipoti ya Tanzania hutakiwa aonyeshe mapema atalala wapi, ana fedha gani, ana bima isiyopungua euro 30,000, na nini kitamrudisha kwao. Naye hulipa euro 90 za viza ambazo hazirudi hata akikataliwa. Mwenye mwajiri huleta barua ya mwajiri. Mwenye duka hana wa kumwandikia, kwa kuwa bwana wake ni yeye mwenyewe. Basi na alete leseni ya biashara, hati za kodi, na taarifa ya benki ya miezi kadhaa, iliyojaa mauzo halisi yenye kupanda na kushuka. Hapo ndipo vishoka hujitokeza wakiuza nafasi za hoteli zisizokuwapo na taarifa za benki za kubuni. Anunuaye karatasi hizo huipa ile dhana ya kuzamia ushahidi ambao haukuwa nao.

Kosa la vijana wenyewe nalo lisifichwe. Wengi wao hunakili mpango wa safari ulioandikwa na Mmarekani au Mwaustralia, miji kumi kwa siku ishirini, wakasahau kwamba aliyeuandika huvuka mipaka kwa pasipoti nyingine. Viza ya Schengen hutumika katika nchi 29, lakini Uingereza haimo, wala Serbia haimo. Mwenye viza ya kuingia mara moja akitoka Hungary kwenda Serbia amejifungia mlango nyuma yake, hata kama siku zake hazijaisha. Tena tiketi ile haimalizi gharama, maana magari ya mwendo wa kasi ya Ufaransa, Italia na Hispania hudai malipo zaidi ya kiti. Na hata kama yote hayo yangekuwa mepesi, miji kumi kwa siku ishirini ni kuwa mpagazi wa orodha ya mtu mwingine.

Mpango wa mtu wa Kariakoo unaweza kuwa na miji mitatu au minne tu, na sababu zake zikatoka hapa hapa. Kila siku watu hupita karibu na Sanamu ya Askari katikati ya mji, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja pia wale wapagazi. Huko Hamburg, mtaa wa Jenfeld, zipo sanamu za askari zilizowekwa na Wajerumani kuwasifu waliopigana upande wao katika vita vile vile. Ni nani anayefaa zaidi kuzitazama zote mbili? Katika mji huo huo, makaburi ya Ohlsdorf, amezikwa Salme. Gari moshi la kutoka Hamburg hata Berlin halichukui hata nusu siku. Na Berlin, katika jumba la makumbusho ya viumbe, imesimama mifupa mikubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa mpaka bandarini juu ya mabega ya watu. Mtalii wa Ohio hustaajabia urefu wake. Mtu wa Dar es Salaam atakuwa na maswali mengine. Baada ya hapo na aende Vienna au Venice kwa sababu ya maji na muziki tu, bila kuombwa udhuru.

Na aandike, akiwa katika gari moshi, kwa Kiswahili, wala asingoje Velten amkusanyie. Aandike bei ya mkate, namna watu wanavyonyamaza ndani ya behewa, na jinsi mkaguzi alivyoishika pasipoti yake. Kuhusu ile fomu ya viza, ambayo huuliza sababu ya safari, miongoni mwa majibu yaliyokwisha chapwa limo neno utalii, na kisanduku chake ni sawa kwa ukubwa na visanduku vingine.