Nyanya wa Salgaa: Nani amtegemea nani?

Katika kituo cha malori cha Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ni rahisi kumdhania nyanya aishiye na wajukuu kuwa mzigo wa nyumba. Hesabu yasema vingine. Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii umekusudiwa kumpa kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi, asiyelipwa pensheni ya Serikali, Sh2,000 kwa mwezi. Zinapofika, na aghalabu huchelewa, hununua unga na sare za shule kabla ya dawa za mwenyewe. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa pamoja na Serikali. Serikali ikikawia, nyumba hukopa dukani, na jina linaloandikwa daftarini ni la nyanya.