ROBOTI KUBWA ZA KATUNI ZA KIJAPANI: ZAWEZA KUSIMAMA KWELI?

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Hoja ilikuwa hii: "Katuni za Kijapani ni uongo mtupu na zinawapotezea vijana wakati." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Niliongea kwa mbwembwe nyingi, nikapigiwa makofi, mpaka msichana mmoja wa upande wa pili aliposimama na swali moja tu. Alisema, "Bwana mwenyekiti, naomba mwenzangu atueleze. Hiyo roboti yake yenye urefu wa ghorofa sita, miguu yake itaubeba huo uzito vipi?" Nilibabaika. Nikajibu eti Wajapani wana akili nyingi. Darasa zima likaangua kicheko, na tukashindwa.

Tangu siku hiyo swali hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilirudi kwenye daftari langu la fizikia nikapiga hesabu. Leo nataka kulijibu, hata kama nimechelewa. Nitasema ukweli hata pale unaponiumiza mimi mwenyewe, kwani msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Hebu tuchukue roboti moja inayojulikana sana. Katuni ya Gundam ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwezi wa Aprili mwaka 1979, ikiongozwa na Yoshiyuki Tomino. Roboti yenyewe ina urefu wa mita 18. Uzito wake mtupu umeandikwa kuwa tani 43.4, na ikibeba silaha na kila kitu inafika tani 60. Ndani ya kiwiliwili anakaa kijana anayeiendesha.

Sasa tupige hesabu. Mchukue mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.8 na uzito wa kilo 75. Mkuze mara 10 ili alingane na roboti. Lakini hakui urefu peke yake. Anakua upana mara 10 na unene mara 10 pia. Kwa hivyo uzito wake unapanda mara 1000, unakuwa tani 75. Na nyayo zake je? Nyayo zina urefu na upana tu, basi eneo lake linapanda mara 100. Si unaona shida ilipo? Mzigo umeongezeka mara 1000 lakini mahali pa kuubeba pameongezeka mara 100 tu. Kila sentimita ya unyayo, na kila sentimita ya mfupa wa goti, inabeba mzigo mara 10 kuliko mwanzo. Galileo alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638. Ndiyo maana swala ana miguu kama fimbo na tembo ana miguu kama magogo. Tembo mwenye miguu ya swala angevunjika hata kabla hajatembea.

Kuna na kichekesho kingine. Mtu wa mita 18 angechukua nafasi ya karibu mita 75 za ujazo. Sisi wanadamu tuna uzito unaokaribia ule wa maji, na ndio maana kuogelea kunawezekana. Roboti ya ukubwa huo yenye tani 43.4 ni nyepesi kuliko maji! Ukiisukuma ndani ya Ziwa Victoria itaelea kama mtumbwi. Na chuma cha pua kina uzito wa karibu mara nane ya maji. Basi hiyo roboti ni debe tupu, na wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Halafu fikiria dereva. Tuseme amekaa juu, kama mita 13 kutoka ardhini. Roboti ikijikwaa na kuanguka kifudifudi, atagonga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 60 kwa saa. Ni kama kuwa ndani ya matatu inayogonga ukuta. Roboti itainuka labda, lakini dereva tutamzika.

Wajapani wenyewe wanalijua hili. Kuanzia Desemba 2020 mpaka Machi 2024, mjini Yokohama kulikuwa na Gundam ya mita 18 iliyoweza kusogeza mikono, magoti na vidole. Ilikuwa na uzito wa tani 25 hivi. Watu walienda kuitazama kwa wingi. Lakini ilikuwa imeshikiliwa kiunoni na mnara wa chuma kutoka nyuma, kama mtoto anayefunzwa kutembea. Mwaka 2023 kampuni moja ya Tokyo ilionyesha roboti ya kupandwa na mtu inayoitwa Archax. Ina urefu wa mita 4.5 na tani 3.5, na inatembea kwa magurudumu. Na katika vita vya Ukraine, vilivyopamba moto tangu Februari 2022, mambo yamekwenda kinyume kabisa na katuni. Ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo mtu anaweza kubeba kwa mkono, zinalipua vifaru vya mamilioni ya pesa. Ama kweli, ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Basi dada yangu wa mdahalo, hapo umenishinda na ninainua mikono. Hapa duniani hiyo roboti haisimami.

Mtu atauliza, kwa nini basi waliipa miguu na mikono? Jibu ni la sokoni. Katuni hiyo ililipiwa na kampuni ya kuuza vitu vya kuchezea watoto, na mtoto hununua kitu kinachofanana na shujaa. Hata hivyo mwanzoni watazamaji walikuwa wachache, ikakatizwa kwenye kipindi cha 43 badala ya 52 vilivyopangwa. Umaarufu ulikuja baadaye.

Lakini ngojeni kwanza, sijamaliza. Gundam inapigana zaidi angani, si ardhini. Huko kwenye mzingo, vitu vinaelea, na swali la miguu kubeba uzito linakwisha. Waandishi walisema mikono na miguu inaisaidia roboti kugeuka bila kuchoma mafuta: ukizungusha mguu upande huu, kiwiliwili kinageuka upande ule. Hiyo ni fizikia ya kweli. Paka anayeanguka hujigeuza kwa njia kama hiyo. Ila darubini ya Hubble inageuka kwa magurudumu mazito yanayozungushwa ndani yake, bila mguu wala mkono. Fundi mwenye busara atachagua gurudumu.

Mambo mengine ya vita vya angani pia yanahitaji kurekebishwa. Ule mlio wa "buum!" haupo, kwa sababu hakuna hewa ya kubeba sauti. Miale ya leza haionekani ikipita, kwa sababu hakuna vumbi la kuimulika. Joto nalo ni taabu. Watu hudhani angani ni baridi tu, lakini bila hewa ya kulibeba joto, mashine inajipika yenyewe. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina mabawa maalumu ya kutoa joto, na amonia inapita kwenye mabomba yake. Roboti ya Gundam haina hata moja. Tena, kwa nini wapigane kwa panga huku rada inaweza kumwona adui akiwa mbali sana? Waandishi walilijua swali hili, wakabuni chembechembe za Minovsky zinazovuruga rada, ili wapiganaji walazimike kukaribiana. Chembechembe hizo hazipo popote ila ndani ya hadithi. Lakini mimi nawapa heko. Mtu anayebuni sababu ameshakubali kwamba sababu inahitajika.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, pete ya chuma ilianguka kutoka angani. Ilikuwa na kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kwa bahati nzuri hakuna aliyeumia. Nyanya yangu anaishi upande huo wa Ukambani. Alinipigia simu akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe unayesoma hayo mambo, hicho chuma kimetoka wapi? Na kikiangukia mbuzi wangu, nitalipwa na nani?" Nilibabaika tena, kama siku ya mdahalo.

Baadaye nilisoma kwamba kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, unaosema nchi iliyorusha chombo ndiyo italipa hasara kikiangukia watu ardhini. Lakini lazima kwanza ijulikane chombo ni cha nani. Na mkataba wa mwaka 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzingo wa dunia, ila haukatazi silaha za kawaida. Mlango huo uko wazi, na wakubwa wameshaanza kuuingia. Januari 2007 Uchina ililipua setilaiti yake yenyewe kwa kombora, vikabaki vipande zaidi ya 3000 vilivyofuatiliwa na rada. Novemba 2021 Urusi nayo ikalipua yake, vipande zaidi ya 1500, na wanaanga waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa wakakimbilia ndani ya vyombo vyao vya kujiokoa. Vipande hivyo hukimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Nimepiga hesabu: parafujo ya gramu 100 kwa mwendo huo ina nguvu sawa na matatu ya tani 3 inayokimbia kilomita 160 kwa saa. Parafujo moja tu!

Kwa hivyo vita vya angani si ndoto. Vipo tayari, ila havina roboti wala panga za mwanga. Vina kombora moja na takataka zisizokwisha. Na sisi Wakenya tumo ndani. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Setilaiti yetu Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Utabiri wa mvua ambao mkulima anausubiri unategemea setilaiti. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi ni sisi.

Je, kuna katuni iliyosema haya? Ndiyo, ipo! Inaitwa Planetes, ilionyeshwa Japani mwaka 2003 na 2004, na ilitengenezwa na studio ile ile ya Gundam. Mashujaa wake hawapigani na roboti. Ni wafanyakazi wa kuokota takataka angani mwaka 2075, na hadithi inaanza na parafujo inayogonga chombo cha abiria. Miaka zaidi ya 20 kabla ya pete ya Mukuku, wachora katuni walishaonya.

Na hata Gundam ina ukweli mmoja mchungu. Amuro, anayeiendesha ile roboti, ana miaka 15. Mimi nina 16. Hakuomba vita. Vita vilimkuta nyumbani, akapewa mashine ya kuua, na watu wazima wakamsifu. Hapa jirani, kaskazini mwa Uganda, watoto wa umri wetu na wadogo zaidi walitekwa nyara wakapewa bunduki. Hawakuhitaji roboti ya mita 18. Jambo ambalo ningependa liwe uongo katika katuni ile ndilo lililo kweli kabisa.

Kwa maoni yangu, basi, hoja ya mdahalo ilikuwa nusu. Roboti ni uongo, nakubali. Lakini si uongo mtupu, kwa sababu bila uongo huo nisingefungua daftari la fizikia wakati wa likizo, na nisingekuwa na jibu la kumpa nyanya. Ndugu zangu mnaokaribia kuchagua masomo, msiiache fizikia kwa kuambiwa ni ngumu. Siku moja kwenye mikutano ya sheria za anga atahitajika Mkenya wa kuuliza: na mbuzi wa nyanya je?

Nawe dada uliyeniuliza lile swali, asante. Naomba chama kiandae mdahalo wa marudiano. Safari hii nitakaa upande wako.