Uwanja wa Mkunguni na Kitenzi "Kushirikishwa"

Mji wa Lamu hauna nafasi nyingi za wazi. Nyumba zake za mawe zimebanana, na njia ni nyembamba hata punda wawili wenye shehena hupishana kwa taabu. Kwa hiyo uwanja wa Mkunguni, ulio mbele ya Ngome, si pambo la mji bali ni sebule yake. Hapo wazee huketi kivulini, wachuuzi hutandaza bidhaa zao, na habari hupokewa na kupimwa. Kila linapozuka wazo la kuutengeneza upya uwanja wa namna hii, swali la kwanza lisiwe ni matofali gani yatandikwe. Yafaa tujiulize ni nani ataulizwa, lini, na kwa lugha gani.

Historia ya mahali hapo yatosha kututahadharisha. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, kisha ikawa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2001 mji mkongwe wote uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Jengo lile lile limebadilika maana kila lilipobadilika mkono. Uwanja nao waweza kubakia mawe yale yale, wenyewe wakawa wageni ndani yake.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Tangu hapo, ripoti za miradi hazikosi sentensi moja: "Wananchi walishirikishwa." Mwanafunzi wa sarufi na akitazame kitenzi hiki. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikisha ni kumfanya mwingine ashiriki. Kushirikishwa ni kutendewa: mwenye shughuli yupo kwingine, na mwananchi ameletwa. Lugha yetu inacho kitenzi kingine, kushauriana, ambacho hakikamiliki bila pande mbili, kila mmoja akisema na kusikia.

Tofauti hii si ya darasani tu. Juni 2019, baraza la taifa la kusikiliza mashauri ya mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kutoa maoni. Mikutano ilikuwapo, mashauriano hayakuwapo. Ikiwa mradi mkubwa kiasi hicho uliweza kuanguka kwa kosa hilo, uwanja mdogo usidhaniwe kuwa umesalimika.

Atakuwapo wa kusema kwamba mifereji ya maji ni kazi ya mhandisi, na kwamba kuuliza kila mtu ni kuchelewesha. Ni kweli kwamba mfereji hauchimbwi kwa kura. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi hajui kivuli cha saa tisa huangukia wapi, wala mchukuzi hupitisha punda wake upande gani. Huko Unguja, bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009. Lakini anayeijua ataitaja kwanza kwa wauzaji wake wa vyakula vya usiku, si kwa ramani yake.

Basi mashauriano yaanze kabla ya mchoro, si baada yake. Yafanywe kwa Kiamu na Kiswahili cha kila siku, si kwa makaratasi ya Kiingereza yaliyobandikwa ukutani. Yawafikie wa Langoni sawa na wa Mkomani. Na kwa kuwa baraza za uwanjani ni za wanaume zaidi, wanawake wafuatwe walipo, waulizwe uwanja ungewafaaje nao.

Walimu wa Lamu wanaweza kuianza kazi hii bila kungoja barua. Wawatume wanafunzi waupime uwanja, wawahoji wazee na wachuuzi, waandike majina ya kila pembe kama yatamkwavyo na wenyeji. Siku mchoro utakapoletwa, mji uwe tayari unayo maandishi yake mezani.