Kamera 4 zenye mpango zinashinda 16 za kupamba ukuta

Ndugu wanamemba, siku hizi kooperative ikimaliza kujenga depo kubwa, komite inakimbilia kununua kamera. Mimi naona tunaanzia nyuma.

Kwanza tuzunguke depo na kuuliza: magunia yanapotelea wapi? Mara nyingi ni kwenye mizani, mlangoni, na pale lori inapopakia. Kamera ziangalie hapo. Ile ya mlangoni isielekee nje kwenye jua, maana sura za watu zitakuwa nyeusi na hatutatambua mtu.

Pili, umeme. Ukikatika usiku na batri hakuna, kamera zote zimelala.

Tatu, hapa ndipo wengi wanakosea. Kamera moja ikirekodi saa 24 inaweza kujaza karibu gigabaiti 20 kwa siku. Kamera 4 kwenye diski ya gigabaiti 1000 zinafika siku 12 hivi, kisha picha za zamani zinafutwa. Kama stoki inahesabiwa mara moja kwa mwezi, siku tunagundua magunia yamepungua, picha ya mwizi haiko tena. Basi tuhesabu kila wiki.

Na mashine ya kurekodi isibaki mikononi mwa msimamizi wa depo peke yake. Ifungiwe, ufunguo mmoja kwake, wa pili kwa komite ya udhibiti.

Kamera haihesabu magunia. Inasaidia tu daftari lililoandikwa vizuri. Na inalipwa na kahawa yetu: tuulize mpango kwanza, bei baadaye.