Incompreso si filamu ya kuliza watu

Kuna wajuzi wa sinema ambao ukiwatajia Incompreso ya Luigi Comencini (1966) wanabinua midomo: eti ni filamu ya kukamua machozi tu. Ilipopelekwa Cannes mwaka 1967, wakosoaji waliibeza kwa hoja hiyohiyo. Mimi naona waliogopa kukutwa na leso mkononi.

Hebu tazameni kilichomo. Konseli wa Uingereza huko Florence kafiwa na mkewe, kaachiwa wana wawili. Mkubwa, Andrea, anaambiwa ukweli na kuagizwa amfiche mdogo wake, Milo. Basi, imetoka hiyo! Baba keshaamua kwamba huyu ni mgumu, hana uchungu, na tangu hapo kila utundu wake unahesabiwa ukatili. Kuna mkanda wenye sauti ya marehemu. Andrea anausikiliza kwa siri, na kwa bahati mbaya unafutika. Jamani, mtoto anafiwa na mama mara mbili, na hii ya pili analaumiwa yeye!

Hayo ndiyo mnayaita machozi rahisi? Comencini anamshtaki baba, tena baba mstaarabu, mwenye sauti ya upole (Anthony Quayle kaicheza vizuri mno), ambaye hajawahi kumtazama mwanawe sawasawa mpaka mtoto yuko kitandani anakufa.

Nyie mnaocheka, nani kati yenu hajawahi kumwambia mtoto msibani, "Jikaze, wewe ndiye mkubwa"?