Treni haishindwi na magari

Stendi ya Tarime, saa 11 alfajiri. Basi la kutoka Sirari bado halijafika, bodaboda wamejipanga getini, na mkungu wa ndizi umekazwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Ikitajwa tu treni ya umeme, ile ya mchongoko, kuna atakayedakia: hiyo ni ya watu wa Dar na Dodoma, sisi wa Mara tuna barabara. Hoja zake nimezisikia mara nyingi, na mbili tatu zina mashiko. Nyingine hazina.

"Miji yetu ni ya magari, ukishuka stesheni umekwama." Hii ndiyo hoja kubwa, na Dar yenyewe inaikanusha. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani iko Mbezi Luis tangu 2021, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Abiria wa Dodoma anayeshukia hapo bado ana foleni ya Morogoro Road mbele yake. Treni iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024 inakwenda hadi katikati ya jiji, jirani na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati. Basi ndilo linalokuacha pembeni. Njiani nako, basi limefungiwa kilomita 80 kwa saa wakati treni inafika 160. (Wataalamu wa reli duniani huita "ya kasi" njia mpya ya kuanzia 250, kwa hiyo yetu ni ya umeme na inakimbia, lakini si Shinkansen ya Japani. Jina la mwendokasi tulishayapa mabasi ya Kimara tangu 2016, tukaipa na treni.)

"Mambo hayo ni ya Japani, watu wasio na magari." Aliyekwenda Umra atamjibu. Jeddah ni jiji la barabara pana na mafuta ya bei rahisi, watu wanaendesha gari hadi dukani. Hata hivyo tangu Oktoba 2018 treni ya Haramain inapita hapo ikiunganisha Makka na Madina, njia ya kilomita 450 hivi, kwa mwendo wa 300. Nakubali kwamba mahujaji ni abiria ambao nchi nyingine hazina. Lakini hilo linatuambia jambo la kupima: je, kuna watu wengi wanaotoka sehemu moja kwenda sehemu moja? Wingi wa magari yao hausemi kitu.

Wenzetu wa ng'ambo ya Sirari wana somo kali zaidi. Treni ya Nairobi hadi Mombasa ilizinduliwa Mei 31, 2017, stesheni zikiwa Syokimau na Miritini, zote nje kabisa ya mji. Abiria walilalamika, wakapanda matatu, daladala za kwao, hadi stesheni, na treni ikajaa. Kilichowaumiza Wakenya ni mkopo wa kuijenga, na huo haukutokana na matatu.

"Itawaua bodaboda." Stesheni haina mlango wa kila nyumba. Bodaboda ndiye atakayekutoa huko.

Kuna hoja ya upande wa pili pia, ya wapenzi wa reli, na hii inanisumbua zaidi kwa sababu inatoka kwa marafiki: reli itoke Arusha, ikatize Serengeti, ipite Mugumu, ifike Musoma. Kwenye ramani ni mstari mzuri. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi, na kama lami imekataliwa, tuta la reli lenye uzio litaombewa kibali vipi? Nyumbu zaidi ya milioni moja hupita huko kila mwaka wakifuata malisho hadi ng'ambo ya Mto Mara. Wapo watu wa Mugumu wanaoishi kwa watalii wanaokuja kuwaangalia nyumbu hao. Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma imekaa kwenye mipango ya serikali miaka mingi. Anayeitaka kweli aizungushe hifadhi, hata kama itaongeza kilomita.

Inabaki hoja ya yule abiria wa alfajiri pale stendi ya Tarime, ambayo sina ubavu wa kuibeza: reli itaishia Mwanza, na Mwanza si Tarime. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, kilianza kujengwa 2021. Siku treni itakapoanza kubeba abiria, itaingia kwa upande wa Misungwi, kusini mwa jiji. Mabasi ya Mara yanaondokea Nyamhongolo, upande wa mashariki. Mama mwenye mkungu wa ndizi atashushwa stesheni, akodi bajaji, akatize jiji la Mwanza na foleni yake, akafike basi la mwisho limeshatoka. Hapo ndipo treni itakapopoteza abiria wa wilaya za Tarime na Serengeti, na dawa yake haihitaji mkopo wa mabilioni: mabasi mawili matatu yanayosubiri mlangoni mwa stesheni saa treni inapofika, tiketi moja hadi Sirari, na sehemu ya kuweka ndizi.