Wazazi wakiachana, nani anamwuliza mtoto?

Huku Kasongo na Kabambare, ndoa nyingi zinavunjika bila hakimu kujua. Baba anaelekea kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, miezi inapita, anaoa mwingine kule. Au mama anarudishwa kwao Nyangwe, na wazee wa familia mbili wanaketi kuzungumza mahari. Mbuzi zinahesabiwa, pesa zinahesabiwa. Mwishoni watoto wanagawanywa: huyu abaki kwa baba, yule mdogo amfuate mama mpaka akue.

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema talaka hutolewa na mahakama, na wazazi wote wawili wanabaki na wajibu wa kumlea na kumsomesha mtoto. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa mtoto mwenye ufahamu haki ya kusema maoni yake. Lakini kwenye kikao cha mahari mtoto hasemi.

Matokeo tunayaona. Mtoto wa miaka sita anaanza tena kukojoa kitandani. Msichana anaacha masomo ili alee wadogo zake. Kijana anakwenda machimboni kumtafuta baba, naye anabaki huko kuchimba. Wengine, msiba ukiingia kwa mama wa kambo, wanaitwa wachawi, jambo ambalo sheria hiyo ya 2009 inaliadhibu kwa kifungo.

Mwaka 1991 watafiti Paul Amato na Bruce Keith walikusanya matokeo ya tafiti 92. Walikuta kwamba watoto wa wazazi walioachana wanasumbuka zaidi shuleni, katika tabia na katika kujithamini, lakini kwa wastani tofauti ilikuwa ndogo. Kilichoumiza sana ni ugomvi wa wazazi. Basi kuna kazi tunayoweza kuifanya, hata pale ndoa imeshindwa kupona.

Katika Marko 10, Yesu anajibu swali la talaka, na mara watoto wanaletwa kwake. Wanafunzi wanawazuia, naye anachukizwa. Makanisa yetu yanajua kuwapa adhabu wanandoa. Wazee wa kanisa wanaoitwa kwenye kikao waulize pia: nani atalipa masomo? Mtoto atamwona baba lini? Nani atahakikisha hatumwi kupeleka matusi kati ya nyumba mbili? Mahari yasirudishwe kabla ya maswali hayo kujibiwa.